Vinyama vya puani vinaletwa na kinga ya mwili, si vumbi wala mafua. Tujadili

#1 Mwana Pangani

Wakuu, salaam.

Nina vinyama puani, pande zote mbili. Nilishafanyiwa upasuaji, vikarudi. Kila ninayemweleza ana jibu lake: vumbi, feni, maji ya baridi, mafua uliyoyapuuza ukiwa mdogo. Nimesoma sana na msimamo wangu ni huu: vinyama hivi tunatengenezewa na kinga yetu wenyewe.

Ndani yake kumejaa chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili. Mjerumani Paul Ehrlich alizitambua mwaka 1879 kwa sababu zinanyonya rangi nyekundu ya eosini. Zimebeba punje za protini kali za kupambana na minyoo. Zikizimwaga puani ambako hakuna mnyoo, utando unachubuka, unavimba, unajaa maji na kuanza kuning'inia. Hospitali wanakata nyama, chembe zilizoitengeneza wanaziacha palepale.

Hoja yangu: maliza eosinofili, vinyama vimekwisha. Anayepinga aje na hoja, asije na kelele.

#2 Kitasa

Ngoja waje wajuvi. Nimeshavuta kiti.

#3 Mama Shamsa

Samahani nachomekea. Mwanangu wa miaka minne anakoroma sana, analala mdomo wazi. Tumeambiwa ana nyama za puani. Ndiyo hizi hizi?

#4 Darubini

Dada Mama Shamsa, kwa umri huo na dalili hizo kuna uwezekano mkubwa ni adenoidi. Hizo zinakaa nyuma kabisa, pua inapokutana na koo. Kila mtoto anazo, ni sehemu ya kinga, na husinyaa anavyokua. Zikizidi ukubwa ndipo anakoroma na masikio yanasumbua. Vinyama vya uzi huu vinaota kwenye utando wa sainasi (mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso), na wengi wanaougua ni watu wazima. Mtoto akikutwa na vinyama vya kweli pande zote mbili, daktari hatakiwi kuishia kwenye kukata. Inabidi afikirie saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya kamasi kuwa nzito, na kuagiza kipimo cha chumvi kwenye jasho.

Sasa Mwana Pangani. Mimi ni mtu wa maabara, Kanda ya Ziwa, vinyama vinaletwa mezani kwangu kwenye chupa ya fomalini. Kwa macho ni kitu cheupe cha kijivu, kinateleza, kinapitisha mwanga kama shokishoki lililomenywa. Ukikikata, kisu hakikutani na kitu kigumu, maji yanatoka. Chini ya darubini sehemu kubwa ni nafasi tupu iliyojaa majimaji, na humo ndimo zilimo hizo eosinofili: kiini vipande viwili, punje nyekundu kali. Kuna vipande unahesabu hadi unachoka. Kuna vingine unatafuta unapata mbili tatu, vilivyobaki ni neutrofili na limfosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine. Kwa hiyo "vimejaa eosinofili" ni kweli kwa wengi, si kwa wote.

#5 Mzee wa Habbat Soda

Mnajichosha bure. Mafuta ya habbat soda, tone moja kila tundu asubuhi na jioni, pamoja na kujifukiza mkaratusi. Nimesaidia wengi. Anayehitaji aje PM.

#6 Kitasa

Mzee kila uzi habbat soda. Juzi kwenye uzi wa gari kuchemsha nusura uyapendekeze.

#7 Sindano ya Tatu

Mwana Pangani alisema: *"Maliza eosinofili, vinyama vimekwisha."*

Mkuu, jaribio hilo limeshafanyika, na matokeo hayako upande wako. Kuna vidonge vinaitwa deksipramipeksoli. Wamarekani waliwapa kikundi kidogo cha wagonjwa wa vinyama kwa miezi sita, majibu yakachapishwa 2019. Eosinofili kwenye damu zilishuka kwa zaidi ya asilimia 90, na ndani ya vinyama vyenyewe vilevile. Wakapima ukubwa wa vinyama: haukubadilika.

Sasa tazama upande wa pili. Dupilumabu, sindano iliyoruhusiwa Marekani Juni 2019 kwa ugonjwa huu, haiui eosinofili. Inaziba kipokezi kinachotumiwa na interlukini 4 na interlukini 13, kemikali ambazo seli za kinga hupelekeana ujumbe. Kwa baadhi ya wagonjwa eosinofili za kwenye damu *zinapanda* miezi ya mwanzo, kwa kuwa njia ya kuingilia kwenye utando imefungwa zikabaki zinazunguka. Na vinyama vinanywea. Majaribio mawili, jumla ya wagonjwa 724.

Dawa moja imeondoa eosinofili na vinyama vimebaki. Nyingine imeacha eosinofili na vinyama vimesinyaa. Nieleze hapo.

#8 Mwana Pangani

Hujamaliza habari, mkuu. Kuna mepolizumabu. Hiyo inafunga interlukini 5, ambayo ndiyo chakula cha eosinofili. Wagonjwa 407, majibu 2021: vinyama vilipungua, na waliorudi kwenye upasuaji walikuwa wachache kuliko waliochomwa maji matupu. Marekani wakaipitisha Julai mwaka uleule. Kama eosinofili haina kosa, ilifanyaje kazi?

#9 Sindano ya Tatu

Ilifanya kazi, ila kwa wastani. Halafu interlukini 5 haisemi na eosinofili peke yake. Vipokezi vyake vimeonekana pia kwenye seli za plazima, zile za kutengeneza kingamwili, humohumo ndani ya vinyama, hasa kwa wale wasiopatana na aspirini. Sisemi eosinofili haina hatia. Nasema imekutwa eneo la tukio pamoja na wengine wengi, na wewe umeshamhukumu mmoja.

#10 Nahodha wa Matrah

Nipo Muscat, asili Unguja. Umegusa aspirini nikaona nami niseme langu.

Nilikuwa na pumu, pua imeziba miaka, harufu hakuna kabisa. Nyumbani wanafukiza udi, mimi naona moshi tu. Siku moja mgongo uliniuma nikameza diklofenaki. Haikupita saa, pua ikaanza kumwaga maji, macho mekundu, uso wa moto, kifua kikabana mpaka nikapelekwa hospitali nimekaa wima, siwezi kuegemea. Daktari aliniuliza swali moja: una vinyama puani? Akanieleza kuwa pumu, vinyama na kukataa dawa za jamii ya aspirini huenda pamoja. Mfaransa Widal aliandika habari yake 1922, Samter na Beers wa Marekani wakaieleza vizuri 1968, ndiyo maana mara nyingi inatajwa kwa jina la Samter.

Alivyonieleza, kwangu mhusika mkubwa ni seli za masti, chembe za kinga zinazotunza kemikali za mzio. Dawa za aina hiyo zinafunga njia moja ya kemikali mwilini, mzigo wote unahamia njia ya leukotrieni (kemikali zinazobana kifua), na seli za masti zinamwaga vitu vyake kwa pamoja. Hiyo si mzio wa kawaida na haionekani kwenye kipimo cha ngozi.

Ndugu zangu wenye pumu na vinyama: aibuprofeni, diklofenaki na aspirini msizichukue dukani kienyeji. Parasetamoli kwa dozi ya kawaida ndogo wengi wetu tunaivumilia, lakini uliza kwanza.

#11 Mama Shamsa

Pole sana kaka. Na asante Darubini kwa maelezo, tunaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo wiki ijayo.

#12 Jirani Mwema

Mimi nilisoma sababu ni bakteria, stafilokoka. Profesa Claus Bachert na wenzake wa Ghent, Ubelgiji, mwaka 2001 walionyesha kuwa vinyama vina kingamwili za IgE, zile za mzio, dhidi ya sumu za stafilokoka. Sumu hizo zinaziamsha seli T nyingi kwa mpigo, bila kuchagua, na seli B zinaanza kutengeneza IgE humohumo puani. Damu ikipimwa inaweza kuonekana safi huku puani kuna IgE tele. Ndiyo maana mtu anaambiwa "huna mzio" na bado anateseka.

#13 Fundi Saa

Jirani Mwema, kama ni bakteria basi antibayotiki ingemaliza shughuli. Doksisaiklini imejaribiwa na Wabelgiji haohao, vinyama vilipungua kidogo tu. Mimi nimeandikiwa antibayotiki kila nikienda dispensari, sijawahi kuona tofauti zaidi ya tumbo kuharibika.

#14 Jirani Mwema

Bakteria ameuwasha moto. Kumuondoa hakuzimi kilichokwisha kushika. Tena eosinofili zinapokufa humo zinamwaga nyavu za DNA yake kuwanasa hao stafilokoka. Zingewafuata za nini kama hawahusiki?

#15 Darubini

Hilo la kufa nalishuhudia. Kwenye kamasi nzito, ile inayonata kama gundi, nakuta fuwele zilizochongoka ncha mbili. Charcot alizieleza 1853, Leyden akafuatia 1872, na leo inajulikana kuwa ni protini iitwayo galektini 10 inayotoka kwenye eosinofili zinazopasuka. Zamani zilionwa kama alama tu ya kuwa eosinofili zilipita. Siku hizi kuna ushahidi kwamba fuwele zenyewe zinaichokoza kinga upya. Kamasi ya namna hiyo nikiiona natafuta na ukungu. Sudan wana historia ndefu ya wagonjwa wa Aspergillus flavus kwenye sainasi, na wengi huja na vinyama.

#16 Kitasa

Kwa hiyo mpaka sasa watuhumiwa ni eosinofili, seli za masti, seli T, seli B, stafilokoka na ukungu. Bado feni ya Mwana Pangani.

#17 Binti Mwanasayansi

Habari za jioni. Ongeza mwingine ambaye hajatajwa, na mimi ndiye ninayemwangalia zaidi.

Mwaka 2011 watafiti wa Amsterdam walieleza aina ya limfosaiti za kinga ya asili, kundi la pili, kifupi ILC2, na walizikuta kwa wingi ndani ya vinyama vya puani. Hizi si seli T wala B. Hazisubiri kumtambua adui fulani. Utando wa pua ukichubuliwa na chochote, iwe virusi, moshi, ukungu au sumu ya bakteria, wenyewe unatoa ishara tatu: interlukini 33, interlukini 25 na TSLP. ILC2 zikizipata ishara hizo zinamwaga interlukini 5 na 13. Interlukini 5 inaziita na kuzilisha eosinofili. Interlukini 13 inazidisha kamasi na kuulegeza utando. Kwa mpangilio huu, eosinofili amekuja baada ya kuitwa.

Na maji aliyoyaona Darubini kwenye kisu yana maelezo. Kundi la Northwestern, Chicago, lilionyesha 2013 kuwa ndani ya vinyama kuna matandazo ya faibrini, ile ile ya kugandisha damu. Interlukini 4 na 13 zinapunguza kimeng'enya cha kuiyeyusha. Wakati huohuo makrofaji (seli za kinga zinazomeza uchafu) za aina ya pili zinaleta faktari ya 13, protini inayoifunga faibrini isikatike. Maji yaliyovuja kwenye mishipa yananaswa humo. Kinyama kinakua bila hata seli nyingi kuzaliana. Kwangu mimi hii inajibu swali la deksipramipeksoli: unaondoa eosinofili, matandazo ya faibrini yapo palepale.

#18 Mwana Pangani

Binti, shukrani, hii nimeisoma mara kadhaa. Lakini unanipa mlolongo, hunipi jibu la kwa nini *vinarudi*. Upasuaji umetoa nyama, faibrini na chembe zote. Nilipumua vizuri, nikasikia harufu ya kahawa. Baadaye taratibu pua ikaanza kuziba tena. ILC2 zimetoka wapi?

#19 Binti Mwanasayansi

2018 watafiti wa Boston walichambua seli moja moja za vinyama. Walikuta seli mama za utando, zile za chini zinazozaa utando mpya, zinatunza kumbukumbu ya interlukini 4 na 13. Hata zikioteshwa maabara nje ya mwili zinaendelea na tabia hiyo. Daktari anakata kinachoning'inia, utando unaota upya kutoka kwenye seli zilizokwisha kuzoea ugonjwa. Walewale wa Ghent waliwafuatilia wagonjwa wao miaka 12 baada ya upasuaji, na karibu wanne katika kila watano vilirudi.

#20 Fundi Saa

Hapo nakataa. Ikiwa seli mama ndizo zenye kumbukumbu, tusingesema kinga tena, tungesema ni ugonjwa wa ngozi ya ndani ya pua. Uzi ubadilishwe jina.

#21 Sindano ya Tatu

Fundi Saa ana pointi. Na kuna dawa ya kuipima hoja hiyo: tezepelumabu inafunga TSLP, ishara ya utando wenyewe. Majibu yake ya 2025 yalikuwa makubwa, vinyama vilipungua sana na waliohitaji upasuaji wakawa wachache mno. Ukifunga mlango wa utando, huku chini kwingi kunatulia.

#22 Mpishi wa Hamburg

Nipo Ujerumani, nachoma dupilumabu miligramu 300 kila baada ya wiki mbili, bima inalipa. Kazi yangu ni jikoni, kwa hiyo kukosa harufu kulikuwa kunaniua polepole. Nilikuwa naonja chumvi na sukari tu, vitunguu vinaungua mpaka mtu anipige bega. Wiki chache baada ya kuanza sindano nilifungua kopo la hiliki nikasimama pale nalinusa, nalifunga, nalifungua. Wenzangu wakadhani nimepata habari mbaya kwa jinsi nilivyokuwa nalia.

Ila msijidanganye kuwa ni tiba ya kumaliza. Kwenye jaribio moja waliachishwa baada ya wiki 24, na vinyama vikaanza kurudi. Nami siku nilipochelewa kupata dawa niliiona tofauti.

#23 Ndege wa Ukerewe

Hongera mpishi. Swali kwa wajuvi wote: huku kwetu ziwani kichocho na minyoo ni vya kawaida, na eosinofili zetu kwenye FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) ziko juu. Kwa hoja ya Mwana Pangani, nusu ya kijiji tungekuwa na vinyama. Mbona hatuna?

#24 Kitasa

Hapo sasa! Mwana Pangani jibu.

#25 Mwana Pangani

Damu si pua. Chembe ikiwa barabarani haijaingia ndani ya nyumba.

#26 Darubini

Swali la Ndege ni la msingi kuliko linavyoonekana. Mwongozo wa Ulaya wa 2020 ulihesabu eosinofili 250 kwenye damu kuwa dalili mojawapo ya ugonjwa wa aina hii, baadaye wakashusha hadi 150. Huku kwetu namba hizo mtu anaweza kuwa nazo kwa sababu ya minyoo tu. Ukimnakilia mgonjwa wa Sengerema kipimo cha Brussels utampa jibu lisilo lake.

Halafu kuna hatari ambayo nataka wote muisikie. Vinyama hutibiwa kwa prednisoloni, vidonge vya steroidi vya kutuliza kinga, kwa muda mfupi, na inasaidia kweli. Lakini mtu mwenye mnyoo wa strongiloidi akipewa steroidi, mnyoo unaweza kuzaliana na kusambaa mwili mzima, na hiyo inaua. Kabla ya prednisoloni mwambie daktari umeishi wapi, ikibidi upimwe na utibiwe minyoo kwanza. Na wale mnaonunua prednisoloni dukani kila pua ikiziba: sukari, presha na mifupa vinalipa.

#27 Binti Mwanasayansi

Nyongeza kwa Ndege: minyoo inayokaa mwilini muda mrefu huamsha pia seli T za kutuliza na interlukini 10. Eosinofili ziko nyingi lakini kuna breki. Huenda mwenye vinyama anakosa breki, wala si kwamba ana eosinofili nyingi kuliko wewe.

#28 Fundi Saa

"Huenda." Na Wachina je? Vinyama vya China, Korea na Thailand sehemu kubwa vilikuwa vya neutrofili, wakati Ulaya na Marekani ni eosinofili. Tafiti za Korea na Thailand zikaonyesha eosinofili zinaongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Jeni hazibadiliki haraka hivyo. Hiyo ni hewa, chakula, maisha ya mjini. Tunarudi kwenye vumbi mlilolikataa kwenye kichwa cha uzi.

#29 Mzee wa Habbat Soda

Hata mimi nilisema mkaratusi unasafisha hewa.

#30 Nahodha wa Matrah

Mzee, kuosha pua kwa maji ya chumvi nakubali, daktari wangu kaniagiza kila siku pamoja na steroidi ya kupuliza. Maji yawe yamechemshwa yakapoa. Mafuta puani sikubali, yanaweza kuingia mapafuni.

#31 Mgeni wa Tanga

Samahani wakuu, mimi kinyama kiko upande mmoja tu, na wakati mwingine damu inatoka. Nianze na dawa gani ya kupuliza?

#32 Darubini

Mgeni, usianze na chochote, nenda ukaonwe na daktari wa masikio, pua na koo (ENT) haraka. Ugonjwa tunaoujadili kwa kawaida unashika pande zote mbili. Upande mmoja unaweza kuwa kinyama kinachotoka sainasi ya shavuni, ambacho hakina madhara makubwa, lakini unaweza pia kuwa papiloma (uvimbe wa aina nyingine) au saratani. Inatakiwa CT skani na kipande kipelekwe maabara. Damu usiipuuze.

#33 Mgeni wa Tanga

Asante. Naenda kesho.

#34 Mwana Pangani

Darubini, nimepangiwa upasuaji tena. Safari hii nataka nyama yangu ihesabiwe. Mara ya kwanza majibu yaliandikwa "polipu, hakuna saratani" basi. Niombe nini hasa?

#35 Darubini

Omba idadi ya eosinofili kwa kila eneo la darubini kwenye ukuzaji wa juu, waandike namba, wasiandike "nyingi" au "chache". Omba kamasi nayo ipelekwe, wengi wanaifyonza na kuimwaga. Kama umemeza prednisoloni karibu na upasuaji, iandikwe kwenye fomu na tarehe, kwa sababu inazifuta eosinofili na mimi nitasoma kidogo kuliko ukweli. Usiiache dawa mwenyewe ili kunifurahisha, iandikwe tu.

#36 Fundi Saa

Na ukishaipata namba utaisomaje? Ulaya wanasema 10 ni nyingi, Wajapani kwenye utafiti wao wa 2015 mstari waliuweka 70. Mtu wa 40 ni mgonjwa Brussels, Tokyo si mgonjwa wa aina hiyo.

#37 Sindano ya Tatu

Ndiyo maana ahesabiwe na neutrofili kwenye kipande hichohicho. Zikiwa nyingi zote mbili, steroidi inaweza isimsaidie kama anavyotarajia, na hoja ya #1 itabidi ijadiliwe upya na nyama yake mwenyewe ikiwa mezani.

#38 Mwana Pangani

Nitaleta majibu hapa. Hoja yangu bado naishikilia.